Kuku wa Sinoya

Chimbalanga, Ntchisi
Machi 4, 2001

Kaka Jailosi,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi huku tunalala na kuamka. Wanangu wawili wa mwisho walishikwa na malaria, wakapona, na sasa wanakula kama nzige. Mahindi mabichi yameanza, ila mvua ilizidi na yale ya bondeni yameoza mizizi. Kaburi la mama tumelipalilia. Wifi Mele nilimwona kanisani, alikuja kutoka kwao akiwa mzima, na anasema koti la mvua ulilomtumia lilifika.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Ni habari ya mdogo wetu Eliyeti. Unajua alivyoipenda mashine ya kusaga. Hata tusipokuwa na mahindi alikwenda tu, akakaa pale unga unapotoka wa moto, akaingiza mikono, akacheka. Wote walimzoea. Ana miaka ishirini na saba, lakini akili yake wewe unaijua, ni ya mtoto mdogo, na maneno yake ni yale yale machache. Basi mwezi wa kwanza akaacha kwenda. Nikimtwisha beseni, analiteremsha. Nikamvuta, akang'ang'ania nguzo ya nyumba.

Siku moja akaenda mwenyewe kwa ndugu yetu Lameki, akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya mashine, kwenye kile chumba cha dizeli. Akamwonyesha mlango. Akamwonyesha kufuli. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, akalia. Lameki alielewa. Mimi sijui kama ningeelewa. Iliniuma, nakwambia kweli, kwamba hakuja kwangu, nami ndiye ninayemwogesha kila siku.

Aliyemtenda ni Sinoya. Ndiyo, yule yule mwenye mashine, mzee wa kanisa, rafiki yako. Lameki hakwenda kwa chifu wala kwa mchungaji, alikwenda polisi moja kwa moja, na hospitali ya bomani daktari akaandika alichokiona. Sinoya amekamatwa. Lameki ndiye aliyesimama kama nkhoswe wetu, maana wewe haupo, na sisi dada zako hatuwezi kwenda mbele za watu bila ndugu wa kiume wa kutusemea.

Barua hii nampa dereva wa basi la Joni, avuke nayo mpaka huko Afrika Kusini. Naomba ikukute na nguvu.

Falesi


Shambani, karibu na Tzaneen
Aprili 8, 2001

Dada Falesi,

Barua imenifikia ikiwa na alama ya chai ya dereva, lakini imesomeka. Mimi nipo. Machungwa hayajaiva, tunapogoa matawi, na mikono yangu imekuwa kama maganda ya mti. Tunalala sita chumba kimoja. Mmoja anatoka Zomba, anaongea usingizini na anaongea uongo hata humo. Wasalimie watoto.

Nilisoma habari ya Eliyeti nikiwa juu ya ngazi, nikashuka. Nilitaka kumpiga mtu na hapakuwa na wa kumpiga. Sinoya nimechunga naye mbuzi. Sisemi hakufanya. Kama daktari ameandika, amefanya. Ila nasema hivi: ningekuwepo mimi, angeniogopa.

Sasa nina swali, nami si mtu wa kuzungusha maneno. Nani alimpa Lameki kiti changu? Mabinti zako wawili wameolewa. Kuku wa ndoa alipoletwa, mara zote mbili alipokewa na Lameki, tena nasikia alikaa kwenye kile kiti cha kukunja nilichowatumia mimi. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yetu. Yeye ni mtoto wa mama mdogo, alikuja kwetu na shati moja, akala sahani moja na mimi. Leo wanao wanamwita yeye mjomba, na mimi wananiita "yule wa Joni". Mele aliniambia. Msidhani sisikii.

Amefanya vizuri kwenda polisi. Lakini angeweza kuniandikia kwanza. Mwenye dada zake ni mimi.

Na Eliyeti, je, bado ananitaja? Alikuwa akiniita Losi. Alikuwa akikaa barabarani kungoja basi. Niambie.

Kaka yako,
Jailosi


Chimbalanga
Juni 3, 2001

Kaka Jailosi,

Tunakusalimu sote, pamoja na Lameki, ambaye anasema nikuandikie kwamba anakusalimu kwa magoti. Ni maneno yake hayo, sikumtilia mimi mdomoni. Mavuno yamekuwa haba. Binti yangu mkubwa amejifungua mtoto wa kiume, ana masikio yako, pole yake. Bibi wa upande wa baba amefariki, tumemzika vizuri.

Kesi imesikilizwa. Hakimu ni mwanamke, si mzee, anavaa miwani. Watu walijaa mahakamani kama kwenye mpira, akawatoa wote nje, tukabaki wachache. Kisha akateremka kule juu, akaja kukaa benchi moja na Eliyeti. Eliyeti akaanza kugusa vifungo vya mkono wa joho la hakimu, kimoja kimoja, naye akamwachia. Akamuuliza polepole nani alimuumiza, Eliyeti akamtazama Sinoya, akajiziba mdomo vile vile. Sinoya akatazama viatu vyake. Hakimu akamuuliza tena, "Ulikwenda kwa nani kusema?" Akajibu, naye hakimu akaandika.

Amepatikana na hatia. Adhabu itasomwa tarehe kumi na tatu Julai.

Wazee wa Sinoya walikuja jioni kwa Lameki wakitaka yaishe nyumbani. Lameki alikuwa anafyatua matofali, hakunawa hata mikono. Akawaambia, "Nyumbani ndiko mlikomfungia. Nendeni." Wakaenda wakinung'unika kwamba hajalelewa.

Kuhusu kiti. Kaka, hakuna aliyekupora. Watu walikuja, kiti kilikuwa kitupu, tukaona aibu.

Kuna kuni za kupasua, naishia hapa.

Falesi


Shambani
Juni 24, 2001

Dada Falesi,

Salamu nyingi. Hongera kwa mtoto, na masikio yangu hayana kasoro, yanasikia mpaka huku. Pole kwa msiba wa bibi. Baridi imeingia, asubuhi umande unaganda kwenye ngazi, na machungwa yameanza kuvunwa. Mgongo unanipigia kelele. Hukunijibu kuhusu Eliyeti. Nilikuuliza kama ananitaja.

Sasa nami nina habari njema, na safari hii si ya kusimuliwa na wengine, ni yangu.

Jumapili iliyopita nilikuwa nafua soksi. Akaja Petulo, mdogo wake Sinoya, anayefanya kazi shamba la pili. Alivua kofia tangu getini. Nikamsogezea kreti akae, akakataa. Akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akapiga makofi taratibu, kama wanavyopigiwa wakubwa. Wenzangu wote wa chumbani wakatoka kutazama.

"Nkhoswe," akasema, "tumepotea njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya kwako. Wazee wetu walikwenda kwa yule kijana, akawafukuza na matope mikononi. Mjomba akasema, kwa nini tunabisha hodi kwa mpangaji wakati mwenye nyumba yupo Joni?"

Nikamwambia, "Petulo, usinipake mafuta. Ndugu yako amefanya unyama."

"Amefanya, baba. Sikuja kumtetea. Nimekuja kuomba radhi kwa mwenye mamlaka ya kusamehe. Mjomba ana kuku wake mmoja tu, wa kusema tumekosa. Lakini hatujui tumpeleke wapi. Kwako ni wapi, nkhoswe?"

Falesi, nina miaka arobaini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuku ampeleke wapi. Wa kwako alipokelewa na mjomba wetu marehemu. Wa wanao, Lameki. Nikakaa mimi kwenye lile kreti. Nikamwambia, mpelekeni kwa mke wangu Mele, apokee kwa jina langu.

Basi Lameki aambiwe kwamba watu wa Sinoya wameuona mlango ulipo. Wenye neno waseme nami.

Kaka yako mkubwa,
Jailosi


Chimbalanga
Julai 15, 2001

Jailosi,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama nitazikumbuka.

Umefanya nini?

Kwetu kosa linaombewa radhi kwa nini? Kwa mbuzi. Mbuzi anafungwa mbele ya chifu, na kosa linatajwa kwa sauti mbele ya kila mtu. Kuku jike ni wa nini? Ni wa mke. Ukoo wa mwanamume ukileta kuku jike na nkhoswe wa mwanamke akampokea, hiyo ni ndoa. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wewe unajua, kwa sababu ni wewe uliyetuchezesha mchezo huo tukiwa wadogo, na kuku wa udongo, wewe ukijifanya nkhoswe na kutukoromea.

Kuku wao ni jike. Walimpeleka kwa Mele mchana kweupe, na wanawake wawili wakipiga vigelegele. Mele akashangaa, lakini wakamwambia, "Mumeo amekubali, amesema upokee kwa jina lake." Akapokea. Tena akamwona ni kuku mzuri, akamlalisha kwenye mayai yaliyoachwa na kuku mwingine. Sasa ametotoa.

Tarehe kumi na tatu tulikwenda mahakamani kusikia adhabu. Msemaji wa Sinoya akasimama, akasema mheshimiwa, mambo yamekwisha, koo mbili zimeungana, yule dada sasa ni mke wa Sinoya kimila, aachiwe akamtunze. Lameki akaruka kutoka kwenye benchi, akasema ni uongo. Mjomba wa Sinoya akacheka mle mle mahakamani. "Wewe nani? Mwenye dada zake yupo Joni, na kuku wetu ameshatotoa kwake."

Nilimwona Lameki akikaa chini. Kaka, hakukaa, alianguka.

Hakimu amesogeza mbele mpaka tarehe ishirini na nne Agosti. Anataka kusikia ukoo wetu unasema nini, na asemaye ni nani.

Nimekwenda kwa chifu. Anasema kuku anarudishwa na mkono uliompokea, pamoja na vifaranga vyake vyote. Mkono huo ni wako. Uje wewe mwenyewe, au utoe kiti chako kwa maandishi na mashahidi wa kwetu. Na kiti hakitolewi kwa kuazima. Ukimpa Lameki, umempa moja kwa moja.

Usiporudisha kuku, hata Sinoya akifungwa mwaka mmoja, siku akitoka atakuja na mjomba wake kumchukua Eliyeti kama mkewe, na chifu hatakuwa na neno. Nyumba ya Sinoya naiona kutoka mlangoni kwangu.

Falesi

Nimezikumbuka. Hujambo.


Shambani
Julai 22, 2001

Falesi,

Sijambo. Machungwa yamefika katikati ya msimu.

Umeniandikia kama unamwandikia mwizi. Petulo alisema radhi, nami nikasikia radhi. Kuku ni kuku. Kama ni jike, wao ndio waliochagua, si mimi.

Kuja siwezi. Kibali changu kilikwisha zamani, unajua. Nikivuka mpaka kwenda huko, kurudi huku ndiyo basi. Msimamizi naye hatoi hata siku moja ya mazishi. Nitakuja Desemba shamba likifungwa, nikae nao mwenyewe, uso kwa uso. Mwambie chifu angoje. Mwambie na hakimu.

Kumpa Lameki kiti, hapana. Kitanda cha mama analalia yeye. Matofali ya nyumba yako ameyafyatua yeye. Wanao wanakimbilia kwake. Eliyeti alimshika mkono yeye. Huku mimi ninabaki na nini cha kwangu? Ninaamka gizani, nachuma machungwa ambayo siyali, na kitu pekee kinachonifanya nijione mtu ni kwamba kuna mahali nina dada na mimi ndiye msemaji wao. Unataka nikitie hicho kwenye bahasha nimtumie kijana aliyevaa suruali zangu za zamani?

Na bado hujanijibu. Eliyeti ananitaja au hanitaji?

Jailosi


Julai 29

Basi la wiki iliyopita liliharibika, kwa hiyo barua bado ninayo. Naendelea chini yake. Yale ya juu usiyachane, niliyamaanisha.

Jana tulipeleka machungwa kwenye banda la kufungashia, na watu wa shamba la pili walikuwepo. Petulo alikuwa amekaa juu ya magunia na wenzake wa kwetu. Safari hii hakuvua kofia. Akapaza sauti:

"Shemeji! Shemeji Jailosi! Lete sigara basi, sisi si wa nyumba moja?"

Wakacheka. Yule wa Zomba akauliza, "Kumbe mna harusi? Mbona hatukuonja hata soda?"

"Bwana harusi yupo mapumziko ya serikali," Petulo akasema. "Akitoka tu anamchukua mkewe. Tena amepata mke asiyejibu mumewe, nani hapa anaye wa namna hiyo?"

Wakacheka tena, na mmoja hakucheka, akanitazama mimi ili aone nitafanya nini.

Nilirudi kwenye ngazi. Falesi, nilikuwa nachuma, na kila nikinyoosha mkono naona kile chumba cha dizeli. Eliyeti yupo ndani, kufuli lipo nje, na mimi nimesimama mlangoni nimeshika kuku.

Nilijua. Alipotamka tu kuku, mahali fulani ndani nilijua kwamba radhi ni mbuzi. Lakini alikuwa amekaa kwenye vumbi mbele ya watu, akiniita nkhoswe. Sikutaka ainuke.

Basi soma hili mbele ya chifu:

Mimi Jailosi, mtoto wa kwanza wa Nalesi, kiti changu cha nkhoswe nimempa Lameki, mwana wa Jenifa. Nimempa chote, si kwa kuazima. Dada zangu Falesi na Eliyeti, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, wapo mkononi mwake. Kuku wa Sinoya amrudishe yeye. Wanaoshuhudia ni watu wawili wa kwetu, wametia dole gumba hapa chini.

Usifikiri nimeandika kwa upole. Nimeandika meno yakiwa yameumana. Nampa dereva barua hii mkononi, na nitasimama pale mpaka basi liondoke.

Jailosi


Chimbalanga
Septemba 2, 2001

Kaka Jailosi,

Amani iwe nawe. Leo nakusalimu kama inavyostahili, na nakuomba radhi kwa barua ile iliyopita, ingawa sikuandika uongo ndani yake. Mtoto wa binti yangu amekaza shingo. Upepo wa Agosti umeezua choo. Mele yupo kwangu, amekaa wiki mbili, tumekuwa marafiki, ingawa tumechelewa.

Barua yako ilifika siku nane kabla ya tarehe ya mahakama. Chifu aliisoma mbele ya koo zote mbili. Lameki alipokisikia kile kifungu cha kiti, aliinama akafunika uso na kofia yake, na hatukumharakisha.

Kisha Mele akaja na tenga. Mjomba wa Sinoya akalifungua, akahesabu vifaranga kwa kidole kama mkaguzi. "Kimoja hakipo," akasema. "Kuku hajarudi."

"Kilichukuliwa na mwewe," Mele akamwambia.

"Basi bado mnacho cha kwetu."

Lameki akasema, "Mjomba, tukamkamate mwewe naye tumpeleke bomani?" Watu wakacheka, lakini mzee hakutaka kucheka. Ndipo Mele akatoka, akarudi na kuku wake mwenyewe, jogoo mkubwa, akamtupia mapajani. "Huyu ndiye kifaranga. Amekua. Chukua na ufunge mdomo." Manyoya yakamjaa mzee kwenye ndevu. Chifu akageuza uso ukutani, mabega yake yakitikisika.

Lakini Lameki hakumaliza. Akasema, "Chifu, kuna mtu mmoja hatujamuuliza." Akamleta Eliyeti katikati, akachutama mbele yake, akamwonyesha tenga. "Eliyeti, huyu kuku ni wa Sinoya. Tumweke?"

Kaka, sote pale tulikuwa tumeulizana. Wewe uliulizwa, Mele aliulizwa, chifu, hakimu. Yeye hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anamtaka kuku. Akatazama vifaranga, akatabasamu kidogo, maana anapenda vitu vidogo. Nikaogopa. Kisha akaweka mguu kwenye tenga, akalisukuma, likaburuzika mpaka kwenye miguu ya mjomba wa Sinoya. Akalisukuma tena, ingawa lilikuwa limeshafika.

Tarehe ishirini na nne tukaenda bomani. Hakimu akauliza anayesema kwa ukoo huu ni nani. Lameki akasimama, na safari hii hakuna aliyecheka. Akaulizwa tunasemaje.

Akasema, "Mheshimiwa, dada yangu alikuwa anapenda unga wa moto. Ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote. Sasa mashine ikilia tu upande wa pili wa kijiji, anaingia chini ya kitanda. Tunachotaka ni arudishiwe huo unga. Ninyi hamwezi kuutoa. Basi toeni mnachoweza."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Sinoya kwamba kuku huyo hangemfungua hata angebaki na kuzaa kijiji kizima, kwa sababu sheria aliyoivunja haina kuku ndani yake. Akasema alimchagua mtu asiyeweza kusema, akitegemea atanyamaza, na kwamba hakunyamaza. Akasema kujaribu kumwoa baada ya kumuumiza ni kutaka kufunga ule mlango mara ya pili. Miaka kumi na minne, kazi ngumu. Mjomba wake alitoka kabla ya wengine, na safari hii hakuwa na kuku wa kumtaja.

Sasa swali lako. Umeniuliza kila barua, na kila barua nimeliruka. Nilikuwa naogopa. Lakini wewe umeniandikia kweli yako, nami nakupa yangu.

Hakutaji. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa anakaa barabarani akiita Losi, Losi, kila basi likipita. Kisha akaacha. Siku moja Lameki alikuwa anamtoa mwiba mguuni, akamwita Losi. Nikamrekebisha. Nikamrekebisha mara nyingi, mwishowe nikachoka. Kwake Losi ni kaka anayekuwepo. Siku ile hakimu alipomuuliza alikwenda kwa nani kusema, jibu lake ndilo hilo. Alisema, "Losi." Limeandikwa kwenye karatasi za mahakama.

Lameki mwenyewe ndiye aliyenikataza nisikwambie. Nimemvunjia neno.

Dada yako,
Falesi


Shambani
Oktoba 7, 2001

Dada Falesi,

Nawasalimu wote. Mimi ni mzima wa mwili. Msimu umekwisha, tunachoma matawi makavu, macho yananiwasha kwa moshi na huo ndio udhuru wangu.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Kiti kilinichoma, lakini jina ndilo lililonifika mfupani. Nilidhani kiti ndicho cha mwisho nilichokuwa nacho. Kumbe nilikuwa nagombania kiti, na jina lilikuwa limeshaondoka siku nyingi.

Petulo nilikutana naye dukani. Aliniona, akavuka barabara. Sikumfuata.

Mwambie Lameki nina wivu naye. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe. Nina wivu na mwiba alioutoa, na matofali, na kwamba Eliyeti alimvuta mkono yeye. Nitazeeka na wivu huo. Mwambie pia kwamba Sinoya siku atakapotoka, mimi nitakuwa mzee wa miaka sitini, na sijui nitakuwa upande gani wa mpaka. Atakayekuwa mlangoni ni yeye. Asihame kile kijiji. Hilo ndilo ombi langu la kwanza kwa nkhoswe wetu, na naliomba nikiwa nimekaa chini.

Jambo la mwisho. Nilikuwa naota moto wa matawi, nikafikiri kuhusu ule unga. Mashine Eliyeti haitaki, na kwa nini aitake. Lakini mama alikuwa akitwanga, halafu anaanika unga kwenye mkeka, mahali pasipo upepo, juu ya lile jiwe bapa nyuma ya nyumba. Jua la mwezi huu ni kali. Kufika saa sita unga unakuwa wa moto mpaka chini, nimeingiza mikono mle nikiwa mdogo, najua. Twangeni. Anikeni. Mwiteni polepole, mumwache aukute mwenyewe.

Akicheka, niandikie siku hiyo hiyo. Na akisema ni Losi ndiye aliyemwekea, usimrekebishe.

Jailosi